Kumpata Dalali wa Hisa wa Gharama Nafuu na Kuwekeza Tena Gawio: Somo kwa Kamati za Fedha



Katika somo la robo hii tunazungumzia jambo ambalo kamati nyingi hulifikia mara moja kwa mwaka na kulipita haraka, nalo ni gawio la hisa. Wapo waumini, vikundi na parokia walionunua hisa pale benki za NMB (2008) na CRDB (2009) zilipouza hisa kwa wananchi. Wengine walihamasika pale benki zilizoanzishwa na makanisa yenyewe zilipoingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Maendeleo Benki, iliyotokana na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya KKKT, iliingia sokoni mwaka 2013, na Benki ya Biashara ya Mkombozi, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki, iliingia mwaka 2014.

Baada ya kununua, mara nyingi jambo husahaulika. Hati hufungiwa kabatini. Gawio likija huingia katika akaunti ileile ya matumizi ya kawaida, likanunua mafuta ya jenereta na chai ya kikao, na mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka lilikwenda wapi. Wakati huohuo mradi wa ada za watoto yatima unategemea barua ya mfadhili wa nje, na siku barua hiyo isipokuja, mtoto anarudishwa nyumbani.

Lengo la somo

Baada ya somo hili kamati iweze:
1. Kueleza maana ya kuwekeza tena gawio na jinsi linavyofanyika hapa kwetu.
2. Kulinganisha gharama za madalali wawili au watatu kwa hesabu.
3. Kuandika maagizo ya kudumu kwa dalali, na kuyasimamia.

1. Gawio ni nini, na kuliwekeza tena ni nini?

Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni inawapa wanahisa wake. Bodi ya wakurugenzi hupendekeza kiasi, mkutano mkuu wa wanahisa hukiidhinisha, na kampuni hutangaza tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Aliyemo katika daftari siku hiyo ndiye anayelipwa. Kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE, kodi ya zuio ya asilimia 5 hukatwa kabla fedha hazijakufikia.

Kuwekeza tena ni kulitumia gawio hilo kununua hisa zaidi badala ya kulitumia. Hisa mpya nazo huleta gawio mwaka unaofuata. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Gawio nalo likishapokelewa na kuandikwa vitabuni, lipewe jembe likalime.

Katika nchi kama Marekani na Uingereza kuna mipango ambapo mwanahisa hujaza fomu mara moja tu, na tangu hapo kila gawio hugeuzwa kuwa hisa bila yeye kufanya lolote. Hapa kwetu kamati isikae ikisubiri jambo hilo litokee lenyewe. Kwa kawaida gawio huletwa kama fedha, benki au kwa simu, na mwanahisa mwenyewe ndiye anayetoa oda ya kununua kupitia dalali. Hivyo basi, kwetu sisi "dalali anayewezesha kuwekeza tena gawio" ni dalali anayekubali oda ndogo, anayepokea maagizo kwa maandishi au kwa simu bila kukulazimisha kusafiri, na ambaye ada zake hazimezi gawio lenyewe.

2. Hesabu inasemaje?

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Parokia ina hisa 4,000, na bei ya hisa moja ni shilingi 2,000. Kampuni inatoa gawio la shilingi 150 kwa hisa.

- Gawio kabla ya kodi: 4,000 x 150 = shilingi 600,000
- Kodi ya zuio asilimia 5: shilingi 30,000
- Linalobaki: shilingi 570,000

Tuseme gharama zote za kununua ni asilimia 2. Hisa moja itagharimu shilingi 2,040. Kwa shilingi 570,000 parokia itapata hisa 279 na kubakiwa na shilingi 840. Sasa ina hisa 4,279.

Kama bei na gawio vikibaki vilevile na kamati ikarudia hivyo kila mwaka, baada ya miaka 10 hisa zitafika takriban 7,850. Gawio la mwaka wa kumi na moja, baada ya kodi, litakuwa kama shilingi 1,118,000 badala ya 570,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini tuwe wakweli. Kamati iliyolitumia gawio kila mwaka haikupoteza. Katika miaka hiyo kumi ilipata shilingi 5,700,000 na labda ilisomesha watoto. Kamati iliyowekeza tena ilijinyima leo ili wengine wapate zaidi baadaye. Uamuzi huo si wa mhazini peke yake. Zipo kamati zinazoweza kuamua nusu iende kwenye ada za shule na nusu ikanunue hisa. Hilo nalo ni jibu zuri, mradi limeamuliwa kikaoni na kuandikwa.

Hali kadhalika, bei na gawio havibaki vilevile. CRDB ilitoa gawio la shilingi 36 kwa hisa kwa mwaka 2021, shilingi 45 kwa mwaka 2022 na shilingi 50 kwa mwaka 2023. Kwa upande mwingine, hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa wananchi mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, na baadaye zikauzwa sokoni chini ya bei hiyo kwa kipindi kirefu. Hatutaji kampuni hizi ili mkanunue au mkauze. Tunazitaja ili ieleweke kwamba hisa hupanda na kushuka, na fedha ambayo itahitajika mwakani isiwekwe huko.

3. Gharama zipi zinaliwa njiani?

Dalali hutoza kamisheni kwa asilimia ya thamani ya oda. Juu yake zipo tozo ndogo za soko, za msimamizi wa masoko ya mitaji, za hifadhi ya hisa na za mfuko wa fidia. Kwa oda ndogo jumla imekuwa karibu asilimia 2 au zaidi kidogo. Oda ikiwa kubwa asilimia hupungua. Jambo la kwanza, basi, ni kumwomba kila dalali aandike jumla ya gharama zote kwa oda ya kiasi chenu, si kamisheni peke yake.

Jambo la pili ni ada ya chini kwa kila oda, pale ilipo. Hapa ndipo kamati ndogo huumia. Tuchukue usharika mdogo wenye hisa 200 katika kampuni ya mfano wetu. Gawio lake baada ya kodi ni shilingi 28,500.

- Dalali wa kwanza anatoza asilimia 2 bila ada ya chini. Usharika unapata hisa 13 na kubakiwa na shilingi 1,980.
- Dalali wa pili anatoza asilimia 1.5, lakini ada yake ya chini ni shilingi 10,000. Usharika unabakiwa na shilingi 18,500, unapata hisa 9 na chenji ya shilingi 500.

Dalali wa pili ndiye mwenye asilimia ndogo, lakini amechukua zaidi ya theluthi moja ya gawio. Ipo njia rahisi ya kujua ada ya chini inaanza kuuma wapi. Gawanya ada hiyo kwa asilimia anayotoza. Ikiwa ada ya chini ni shilingi 10,000 na kamisheni ni asilimia 2, jibu ni shilingi 500,000. Oda yoyote iliyo chini ya hapo mnaitoza kodi wenyewe.

Jambo la tatu ni gharama ambazo haziandikwi katika fomu ya dalali. Mhazini akisafiri hadi mjini kwa nauli na posho ya shilingi 60,000 ili kuwekeza shilingi 570,000, zaidi ya asilimia 10 imekwisha kabla oda haijaandikwa. Hizo ni hisa 29 zilizobaki stendi ya basi. Ongezeni na makato ya benki ya kuhamisha fedha. Dalali aliye mbali anayepokea maagizo kwa barua pepe au simu anaweza kuwa nafuu kuliko yule wa mjini kwenu. Ulizeni pia kuhusu mfumo wa DSE uitwao Hisa Kiganjani, ambao humwezesha mtu kutoa oda kwa simu ya mkononi. Ila kwa mali ya parokia ni lazima kwanza kamati ikubaliane nani atashika simu hiyo na nani atamkagua.

4. Kabla ya bei, uaminifu

Unafuu si kigezo cha kwanza. Cha kwanza ni leseni. Madalali wa soko la hisa hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Orodha ya wenye leseni inapatikana kwa Mamlaka na kwa DSE. Asiyekuwemo katika orodha hiyo asipewe hata senti, hata kama ni muumini wa kanisa lenu na anaimba kwaya.

Tunalisema hili kwa sababu jamii za waumini zimewahi kuumizwa. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania iliingilia kati shughuli za DECI, mpango uliokusanya fedha za watu wengi kwa lugha ya kupanda na kuvuna. Waliochelewa kupanda hawakuvuna. Mpango kama huo huahidi mavuno makubwa kwa tarehe maalumu. Soko la hisa haliahidi, na dalali wa kweli hatawaahidi. Akisema "gawio ni la uhakika", ageni kwa heshima mwondoke.

Hata penye leseni pawe na uangalizi. Nchini Kenya kampuni ya udalali ya Francis Thuo and Partners ilianguka mwaka 2007, na Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya usimamizi mwaka 2008, huku wateja wakilalamika kwamba hisa zao ziliuzwa bila ridhaa yao. Funzo kwetu ni hili: taarifa ya hisa zenu msiipokee kwa dalali peke yake. Hisa zenu zimeandikwa katika akaunti ya CDS, inayotunzwa na kampuni ya CSDR iliyo chini ya DSE. Angalau mara moja kwa mwaka kamati iombe taarifa ya akaunti hiyo na kuilinganisha na vitabu vyake.

5. Hisa ziko kwa jina la nani?

Swali hili lingepaswa kuwa la kwanza, lakini kamati nyingi hulikumbuka baada ya msiba. Parokia au usharika kwa kawaida hauna hadhi ya kisheria wa kumiliki mali peke yake. Mali ya kanisa humilikiwa na Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo au dayosisi. Hisa zilizonunuliwa kwa jina la mwenyekiti au mhazini, hata kwa nia njema kabisa, machoni pa sheria ni zake. Akifariki, zinaingia katika mirathi, na watoto wake wana haki ya kuzidai.

Kwa hiyo fungueni akaunti ya CDS kwa jina la Wadhamini, na akaunti ya benki ya kupokelea gawio iwe kwa jina hilohilo. Majina yakitofautiana, hata kwa neno moja, malipo hukwama. Kampuni nyingi hutoa matangazo ya gawio lisilochukuliwa na wenyewe, na mara nyingi sababu ni akaunti iliyofungwa, anwani iliyobadilika au mwanahisa aliyefariki. Kila uongozi unapobadilika, watia saini wapya wapelekwe kwa dalali na benki katika mwezi uleule.

6. Tukiwa wadogo tufanye nini?

Usharika wenye gawio la shilingi 28,500 una njia tatu.

*Kusubiri.* Gawio liwekwe katika akaunti ya akiba hadi miaka miwili au mitatu ipite, kisha itolewe oda moja. Mnapoteza muda kidogo, lakini mnaokoa ada.

*Kuungana.* Sharika kadhaa zinaweza kuwekeza pamoja chini ya Wadhamini kwa oda moja. Hapa daftari la ndani ni la lazima, lionyeshe kila usharika ulichangia kiasi gani na una hisa ngapi katika jumla. Bila daftari hilo, umoja huu utaleta ugomvi.

*Kutumia mfuko wa uwekezaji wa pamoja.* Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005 na sasa ukiendeshwa na UTT AMIS, ni wa kukuza mtaji: mapato yake hubaki ndani ya mfuko na kuongeza thamani ya kipande. Huko kuwekeza tena hufanywa na meneja wa mfuko, bila ninyi kuandika oda. Kwa anayehitaji fedha mkononi upo Mfuko wa Jikimu, ulioanza mwaka 2008, ambao hutoa gawio. Ulizeni gharama za kuingia na kutoka kabla ya kujiunga, na mkumbuke kwamba thamani ya vipande nayo inaweza kushuka.

7. Maagizo ya kudumu kwa dalali

Mkishamchagua dalali, msimwachie maneno ya mdomo. Andikeni barua fupi yenye mambo haya:

a) Namba ya akaunti ya CDS na jina kamili la Wadhamini.
b) Kampuni ambayo hisa zake zitanunuliwa.
c) Bei ya juu kabisa mnayokubali. Katika soko letu wauzaji wanaweza kuwa wachache, na oda inaweza kukaa siku kadhaa. Bila bei ya kikomo mnaweza kununua kwa bei isiyo na sababu.
d) Muda ambao oda itabaki hai, na fedha zirudi wapi isipotimia.
e) Chenji ikae wapi. Kama inabaki kwa dalali, iwe katika akaunti ya wateja iliyotengwa na fedha zake mwenyewe.
f) Watu wawili watakaopokea taarifa ya kila ununuzi, wasiotoka nyumba moja.
g) Kwamba hakuna hisa itakayouzwa bila barua yenye saini za Wadhamini.

Kwa maoni yetu ni salama zaidi gawio liingie kwanza katika akaunti ya benki ya Wadhamini, kisha lilipwe kwa dalali, kuliko kumwachia dalali alipokee moja kwa moja. Ni hatua moja zaidi, lakini inaacha alama katika vitabu vyenu.

8. Neno kwa wafadhili

Ndugu wafadhili, mnayo haki ya kujua kama sadaka yenu imekwenda kwenye hisa. Fedha iliyotolewa kwa kisima ichimbe kisima. Kuipitisha sokoni kwanza "ili izae" ni kuvunja ahadi, hata ikirudi na faida. Hisa zinunuliwe kwa fedha iliyotolewa kwa ajili ya mfuko wa kudumu, au kwa ziada ambayo parokia imeichuma yenyewe.

Mnaweza kusaidia kwa kuuliza mambo matatu katika taarifa ya mwaka: gawio lililopokelewa ni kiasi gani, lililowekezwa tena ni kiasi gani, na gharama zilikuwa asilimia ngapi ya gawio. Kamati inayoweza kujibu maswali hayo matatu katika ukurasa mmoja ni kamati inayojua inachofanya. Na kama mnafikiria kupunguza misaada kwa sababu parokia ina mfuko wake, semeni mapema. Mfuko mchanga ukikatiwa msaada ghafla, huuzwa katika mwaka ambao bei iko chini.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Je, parokia au usharika wetu una hisa? Ziko kwa jina la nani, na nani alisoma taarifa ya CDS mara ya mwisho?
2. Gawio la mwaka uliopita lilikuwa kiasi gani, na lilitumika kwa nini? Kama hakuna anayejua, nani atatafuta jibu kabla ya kikao kijacho?
3. Tukiomba bei kwa madalali watatu kwa oda ya kiasi cha gawio letu, nani ni nafuu baada ya kuhesabu ada ya chini, nauli na makato ya benki?
4. Ni sehemu gani ya gawio tunaihitaji mwaka huu kwa watoto na wagonjwa, na ni sehemu gani tunaweza kuiacha ifanye kazi?

Azimio la mfano

"Kamati ya Fedha, katika kikao chake cha tarehe ........, imeazimia kwamba asilimia ........ ya gawio la hisa iwekezwe tena kila mwaka kupitia dalali mwenye leseni ya CMSA, kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa. Na kwamba sehemu inayobaki itumike kwa........ Azimio hili litapitiwa upya baada ya miaka mitatu."

Jazeni nafasi zilizo wazi, lisomwe mbele ya waumini, na nakala ibandikwe ubaoni. Mali iliyotangazwa hadharani hulindwa na macho mengi. Wajumbe wa leo watamaliza muda wao, na huenda mtoto atakayesomeshwa na hisa hizi bado hajazaliwa. Akija, akute daftari limeandikwa vizuri.